Kabla Hujalipa, Kunja Waya

Ukitaka kujua hedifoni hufia wapi, simama dakika chache mbele ya meza ya fundi simu pale Mbinga mjini uangalie zinazoletwa. Spika, kile kidude kidogo kinachotoa mlio, mara nyingi ni nzima. Kilichokatika ni waya, na umekatikia mahali palepale pa siku zote: unapoingia kwenye jeki, unapogawanyika kwenda sikio la kulia na la kushoto, au ubavuni mwa kile kijisanduku chenye maiki na kitufe. Sehemu hizo tatu ndizo zinazoamua kama pesa yako itafika msimu ujao wa kahawa au itaishia kwenye mvua za kwanza. Dukani lakini watu hawaziangalii. Wanaangalia rangi, boksi, na ahadi ya besi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome hadi mwisho ukiutafuta. Kwa mtu wa Umatengo, yaani milima ya Mbinga, au wa mwambao wa Ziwa Nyasa mwenye kati ya shilingi elfu kumi na elfu ishirini, chaguo la kwanza ni iafoni ya waya, ya kuchomeka sikioni, ya kampuni inayojulikana na isiyo ghali. Ya Bluetooth ije baadaye, ukiwa na pesa zaidi na tundu la umeme la uhakika. Hedifoni kubwa za kichwani zina watu wake, nitawafikia.

Sababu kubwa ya kuupendelea waya ni redio. Simu yenye FM, iwe kitochi au simu janja ya bei ya chini, mara nyingi hugoma kufungua redio mpaka uchomeke kitu kwenye tundu la hedifoni, kwa sababu waya huo ndio antena yake. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita tatu, na waya wa sentimita sabini na tano, yaani robo ya urefu huo, tayari unayanasa vizuri. Iafoni ya kawaida ina mita moja na zaidi kidogo, kwa hiyo inatosha kabisa. Vitochi vingine vya siku hizi vina antena ndani, ila ndani ya bonde utaona tofauti ukichomeka waya.

Na Mbinga ni nchi ya mabonde. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, hayapindi mlima kukufuata. Mtu aliye juu ya kilima anaipata TBC Taifa au Redio Maria safi, na jirani yake aliye chini kwenye shamba la ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, anasikia mkwaruzo. Mtu wa bondeni atasaidiwa na waya ulionyooka: utoe mfukoni, uache uning'inie, geuka taratibu mpaka mkwaruzo upungue. Mwenye Bluetooth hana cha kunyoosha. Atabaki kuisikiliza redio hiyohiyo kwa kuchoma bando, kama mtandao wenyewe unamfikia.

Ndiyo maana iafoni iliyokufa sikio moja, au hata yote mawili, usiitupe. Kama waya haujakatikia kwenye jeki, ichomeke kwenye simu kisha chagua spika ya nje. Utasikiliza taarifa ya habari na nyumba nzima.

Sababu nyingine zinakwenda haraka. Ya waya haihitaji chaji; ya Bluetooth ni kitu cha pili cha kukumbuka kuchaji baada ya simu yenyewe, na kwa anayechajisha kwa kulipia au kwa sola ndogo, hilo ni gharama. Betri ndogo za lithiamu zilizo ndani yake huchoka kadiri zinavyochajiwa, na baada ya miaka miwili au mitatu zile saa tano ulizoahidiwa huwa mbili. Tena betri hiyo haibadilishiki kirahisi. Vile vidude viwili visivyo na waya kabisa vina ugonjwa wao: kimoja kikidondoka kwenye majani ya mkahawa, au ndani ya mtumbwi wenye maji chini, umebaki na nusu ya mali. Ukishikilia Bluetooth kwa sababu simu yako haina tundu, chukua ile ya kuvaa shingoni, ambayo masikio yote mawili yameunganishwa kwa kamba. Ikidondoka inabaki shingoni, na betri yake, kwa kuwa inakaa kwenye ule mkanda, huwa kubwa zaidi.

Sasa twende dukani.

Usiende mikono mitupu. Beba simu utakayoitumia, maana si kila jeki inaelewana na kila simu. Beba na wimbo unaoujua kwa moyo, uliokwisha kuupakua, wenye sauti ya mtu mbele na ala nyuma yake. Kwaya au taarabu inafaa kuliko muziki wa klabu, kwa sababu besi nzito huficha ubovu mwingi. Ukifika, salimia kwanza, halafu omba.

"Shikamoo mama. Naomba niijaribu hii kwa simu yangu."

"Marahaba mwanangu. Jaribu, hiyo ogi kabisa."

Muuzaji anayekataa usijaribu, au anayesema boksi likifunguliwa umenunua, muage kwa heshima. Pale penye vibanda vingi hutakosa mwingine mwenye moja iliyofunguliwa kwa ajili ya majaribio, na huyo ndiye wa kununua kwake.

Wimbo ukiwa unalia, shika waya karibu na jeki uukunje taratibu kushoto, kulia, juu, chini. Fanya hivyohivyo pale unapogawanyika, kisha kwenye maiki, kisha chini ya kila sikio. Sauti ikikatika hata mara moja, au ukasikia mkwaruzo, rudisha. Hakuna hedifoni iliyowahi kupona kwa kwenda nayo nyumbani. Kisha izungushe jeki ndani ya tundu la simu: ikikwaruza, jaribu iafoni nyingine kwenye tundu hilohilo. Nayo ikikwaruza, tundu la simu yako ndilo bovu, na umeokoa pesa ya hedifoni ukaitumia kwa fundi.

Angalia ule mpira unaoshika waya unapotoka kwenye jeki. Unatakiwa uwe mrefu kidogo, laini, wenye mikato inayouruhusu kupinda. Ukiwa mfupi na mgumu kama plastiki ya kalamu, waya utakunjika kwa pembe kali mahali pamoja na utakatika hapo. Jeki iliyopinda kama herufi L huishi muda mrefu kuliko iliyonyooka kwa mtu anayeweka simu mfukoni, maana haisukumwi kila anapokaa au kuinama. Waya bapa, ule wa utepe, haujifungi mafundo ovyo. Waya uliosukwa kwa nyuzi za nguo unapendeza na hustahimili kusuguliwa, lakini ukisugua shati unapitisha kelele hadi sikioni. Mwenye kutembea sana utamkera.

Kuna kasoro moja inayowachanganya wengi. Unachomeka, ala zinalia, lakini mwimbaji yuko mbali kama yumo kisimani, au hayupo kabisa. Ukibonyeza kitufe cha maiki na kukishikilia, sauti yake inarudi. Muuzaji atakuambia ni simu yako, au ni mtindo wa besi. Ukweli ni kwamba jeki zenye maiki zina vipande vinne vya chuma vilivyotenganishwa na pete tatu nyeusi, na kuna mipangilio miwili ya vipande hivyo duniani: kipande cha maiki na kile cha waya wa kurudishia umeme vimebadilishana nafasi. Simu nyingi za sasa hutumia mpangilio mmoja, na bidhaa nyingine za bei ya chini au za zamani zina ule mwingine. Iafoni ya namna hiyo si mbovu, ila haikufai wewe. Hesabu pia zile pete: zikiwa mbili tu, hakuna maiki, hata kama boksi lina picha ya mtu anayeongea na simu.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa mpigie mtu. Mwombe aliye nje ya duka apokee, ongea naye kwa maiki ya iafoni bila kuisogeza mdomoni, muulize anakusikia vipi. Wengi wanajaribu muziki tu, wakifika nyumbani wanagundua kila wanayempigia anasema "sikusikii, sikusikii".

Simu zenye tundu la USB-C peke yake zina mtego wao. Iafoni ya USB-C inaweza kulia kwenye simu ya rafiki yako ikakaa kimya kwenye yako, kwa sababu nyingine zina kijisakiti cha kugeuza sauti ndani yake, na nyingine hazina, zinaitegemea simu ifanye kazi hiyo. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kujaribu kwa simu yako.

Unalipia nini hasa? Kwa elfu mbili au tatu utapata iafoni ya machinga, ya mfuko wa nailoni, bila jina. Si dhambi kuinunua. Kama unahitaji kitu cha safari ya leo kwenda Songea, au antena tu ya redio, nunua. Ila ukihesabu ngapi za namna hiyo umeshanunua tangu mwaka uanze, utakuta umelipia moja nzuri bila kuipata. Kati ya elfu kumi na ishirini ndiko kwenye mavuno. Hapo unakuta bidhaa za kampuni zinazouza Afrika kwa wingi na zenye jina la kulinda. Oraimo, kwa mfano, ni jina la vifaa vya Transsion, kampuni ya China ileile inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, kwa hiyo si ajabu kwamba hupatikana kila penye kibanda cha simu. Sisemi ni bora kuliko zote. Nasema kwa bei hiyo hutakosea sana.

Juu ya hapo, kuanzia thelathini hivi kwenda juu, unaanza kulipia Bluetooth, au jina. Ndipo feki zinapojaa. Iafoni zenye maandishi ya AKG zilizokuja ndani ya boksi la Samsung Galaxy S8 mwaka 2017 zimeigwa mno. Sehemu ndogo sana ya zinazouzwa mitaani ndiyo iliyowahi kupita kwa Samsung. Mwezi Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu bandia kwa kutumia namba za IMEI, na tangu hapo Watanzania wamezoea kupiga *#06# kabla ya kununua simu. Hedifoni haina namba ya namna hiyo. Kinachobaki ni macho yako: herufi za boksi zenye ukungu, jina la kampuni lililokosewa herufi moja, kushoto na kulia zilizoandikwa kwa wino unaofutika kwa kucha, na bei isiyolingana na jina. Sony ya elfu tano haipo. Kati ya kampuni isiyojulikana inayojiita kwa jina lake na feki ya kampuni kubwa kwa bei ileile, chukua ya kwanza. Angalau aliyeitengeneza hakuanza kwa kudanganya.

Maandishi mengine ya boksi yasikusumbue. Milimita za spika, kumi au kumi na nne au arobaini, hazikuambii sauti itakuwaje. Omu ndizo za kuangalia kidogo: kati ya 16 na 32 simu yoyote inazisukuma bila shida, na zile za studio zenye 250 zitalia chini mno kwenye simu. Alama ya IPX4 maana yake inavumilia matone ya jasho na manyunyu, si kwamba unaweza kuogelea nayo Mbamba Bay. Kwenye feki alama hiyo ni pambo tu.

Na besi. Kama unasikiliza hasa taarifa ya habari, mahubiri, masomo ya mtihani au simu za biashara, besi kubwa ni adui yako, maana inafunika herufi. Sikiliza sauti ya mtu anayetamka s na sh. Zikisikika wazi bila kuchoma sikio, umepata.

Raha ya kuvaa inaamuliwa na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: vile vipira vya silikoni. Boksi zuri lina saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na watu wengi hawajawahi kuvua zile za kati zilizokuja zimevalishwa. Masikio ya mtu hayalingani. Usione aibu kuvaa ndogo kushoto na ya kati kulia. Ili kujua kama imekaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza iafoni, achia. Kelele za stendi zikipungua ghafla na besi ikaongezeka, tundu limezibwa vizuri. Besi hafifu mara nyingi ni kipira kidogo mno, wala si spika mbaya. Ikikuuma ndani ya dakika kumi, itakuuma zaidi ndani ya saa moja. Ivae ukiwa bado unajadiliana bei, dakika kumi hizo zitapita bila kuzihisi. Walio na matundu madogo sana, au wanaochukia kuhisi kitu ndani, watafute ya umbo linalokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia. Haizuii kelele, lakini haichoshi.

Zile kubwa za kichwani zinamfaa mwanafunzi anayesoma mezani, mhariri wa video, fundi wa studio ya kwaya, na mtu wa milimani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbinga ikikaza, hedifoni ya kufunika masikio inakuwa na kazi mbili. Ukishuka ziwani mambo yanageuka. Mbinga mjini iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko karibu mita 475. Kule Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, joto na unyevu vinaifanya ngozi bandia ya sponji ilowe jasho, na unyevu huohuo unaivunjavunja ngozi hiyo. Ndiyo yale magamba meusi yanayobaki shavuni. Mkazi wa mwambao akitaka ya kichwani atafute yenye sponji ya kawaida au kitambaa, hasa inayoweza kuchomolewa ikabadilishwa. Koss Porta Pro, hedifoni ya Marekani iliyotoka mwaka 1984, inaendelea kutengenezwa hadi leo, na sponji zake ni hizo nyeusi za kawaida ambazo zikichakaa unavalisha nyingine.

Ukiijaribu ya kichwani, tikisa kichwa, inama kama unafunga kamba za kiatu, fungua mdomo na ufunge. Isianguke, na isibane taya. Mwenye miwani avae miwani yake wakati wa kujaribu, na anayejifunga kilemba au mtandio ajaribu juu ya nguo hiyo, si pembeni. Uzito ukizidi robo kilo shingo italalamika.

Habari njema kwa watu wa ziwani ni kwamba maji ya Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo hayali chuma kama maji ya bahari. Chumvi unayo wewe mwenyewe, kwenye jasho. Ukimaliza kulima au kuvuta nyavu, futa jeki na vichwa kwa kitambaa kikavu. Kiangazi tatizo ni vumbi: lile jekundu linaingia kwenye wavu mdogo wa spika likichanganyika na nta ya sikio, upande mmoja unaanza kulia chini na mwenyewe anadhani umekufa. Vua vipira uvioshe kwa maji na sabuni, uviache vikauke kabisa. Wavu usugue kwa mswaki mkavu, uso wa iafoni ukiangalia chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia. Usitumie sindano, wala usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji.

Wachumaji wa kahawa wana adui mwingine, tawi. Waya ukining'inia mbele ya kifua, mkahawa utaushika, na kila ukishikwa unavutwa pale pale kwenye maungio. Upitishe ndani ya shati, utokee kwenye ukosi, kisha uuzungushe juu ya sikio kabla iafoni haijaingia. Ukivutwa, mzigo unaubeba mgongo wa sikio. Mkulima anayeinama juu ya ngolo na jembe atagundua kuwa hata iafoni iliyokuwa ikidondoka sasa haidondoki.

Ukimaliza kusikiliza, usiizungushe iafoni kwenye simu. Watu wote wanafanya hivyo, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuuvunja waya kwa ndani. Chomoa kwa kushika jeki, si waya. Zungusha mviringo mlegevu wa vidole vinne, weka kwenye kikopo. Kopo tupu la dawa ya viatu, likioshwa vizuri, linatosha kabisa, na halipondwi mfukoni wala kwenye begi la basi.

Kuhusu masikio yenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila ukiongeza desibeli tatu, muda salama unakatika nusu, kiasi kwamba ukifika 90 umebakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Hakuna anayetembea na kipimo cha desibeli, kwa hiyo tumia hiki: usipite asilimia sitini ya sauti ya simu, na kama aliyekaa kiti cha pembeni anasikia maneno ya wimbo wako, umezidisha. Hapa ndipo kipira kinachoziba vizuri kinapolipa. Kwenye basi, au ndani ya meli ya MV Mbeya II injini ikiunguruma, mwenye iafoni isiyoziba anapandisha sauti ili kuishinda kelele. Aliyeziba anasikia ya chini vizuri. Ukishuka na barabara ya Mbamba Bay, zitoe kidogo, kwa sababu masikio huziba kwa kushuka haraka na iafoni inayobana inaongeza maumivu.

Kuziba huko huko ndiko kunakoua barabarani. Dereva wa bodaboda mwenye iafoni zote mbili ndani ya helmeti hatasikia lori la makaa ya mawe linalotoka Ngaka likimkaribia njia ya Kitai. Mvuvi wa dagaa aliye ziwani usiku anahitaji kuusikia upepo ukibadilika, na wenzake wakimwita. Kama huwezi kuacha kabisa, sikio moja, la upande usio na magari, na sauti ya chini.

Wakati wa kununua nao una maana. Malipo ya kahawa kutoka AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yakitoka, vibanda hujaa bidhaa na bei haina huruma. Ukiweza, nunua kabla, wakati muuzaji ana muda wa kukuacha ujaribu. Kama unaagiza Kariakoo iletwe kwa basi, mwambie ndugu yako aliyeko Dar afanye jaribio la kukunja waya palepale dukani akiwa kwenye simu na wewe kupitia iafoni hiyohiyo. Risiti iandikwe jina la duka na siku za kurudisha, kwa kalamu, si kwa mdomo.

Ikikatika baada ya muda, uliza kwanza bei ya kutengeneza. Ikizidi nusu ya bei ya mpya, labda bora ununue mpya. Kubadilisha jeki ni kazi ndogo na inafaa kwa iafoni yoyote iliyozidi elfu kumi, mradi fundi anaujua waya wenyewe. Nyuzi za ndani ni shaba nyembamba mno iliyopakwa rangi, mara nyingi kijani ya kushoto, nyekundu ya kulia, na ya dhahabu ya kurudishia umeme. Rangi hiyo ni kizuizi cha umeme, na lehemu haishiki mpaka iunguzwe. Fundi mzuri anaigusa kwa ncha ya pasi ya kulehemu yenye lehemu kidogo, inayeyuka, nyuzi zinang'aa, ndipo anaunga. Ukimwona anachukua wembe na kuanza kukwangua, mwombe radhi, chukua hedifoni yako, nenda meza ya pili.